Mchaga Aliyeniita Daktari

Barking, Landani
3 Machi 2025

Mchaga wee,

Usishtuke kuona karatasi. Wakili wa kampuni ametukataza simu na meseji, wewe na mimi, mpaka kamati inayotuchunguza imalize kazi yake. Barua hakuzitaja. Nadhani alisahau kwamba bado zipo duniani. Nimenunua stempu dukani, kijana akaniuliza ni za kufanyia nini.

Sasa kaa chini. Unajua lile baraza la mtaa lililofunga visanduku vyetu vya kupimia hewa kwenye nguzo za taa, karibu na shule. Unajua pia yule diwani anayetaka magari machafu yaachiwe yapite bure, kwa hiyo hapendi kisanduku kinachosema hewa ni chafu. Ameidai kampuni kila tulichowahi kuandikiana kuhusu visanduku, na sheria inampa haki hiyo. Vijay, bosi wetu, akampa vyote. Vyetu viko kwa Kiswahili, basi wakavitia kwenye mashine ya kutafsiri.

Nakuandikia kilichotoka upande wa pili. Mimi: "Mwizi, namba zimekufikia, au umeshaziuza njiani?" Wewe: "Namba gani? Hizi umezipika mwenyewe, na bado mbichi." Mimi: "Na wewe umeshakula hela ya wazungu, sasa unajidai kuonja." Mashine haikukosea hata neno moja, Ambrose. Nimeisoma kwa Kiingereza nikajiogopa.

Gazeti limeandika kwamba wanasayansi wamekiri kupika namba. Hukohuko kwenu Brussels, mfuko wa utafiti wa Ulaya uliolipa nusu ya kazi umesimamisha fedha. Waingereza walitoka Ulaya kwa mbwembwe, wakarudi kwenye sayansi kwa mlango wa nyuma, na sasa hakuna anayetaka kuonekana analipia kashfa ya jirani aliyemwacha.

Mimi nina shida moja tu, lakini ni kubwa. Vijay akiniachisha kazi, kibali changu cha kuishi hapa kinakufa. Miaka tisa, Mchaga. Kisanduku kile nilikiunda mimi, mezani kwangu.

Tutaitwa sote wawili mbele ya kamati mwishoni mwa Aprili. Wewe waeleze tu utani ni nini. Na ukumbuke kuoga kabla.

Mtani wako,
Namsifu


Brussels
12 Machi 2025

Mpendwa Daktari Mgonja,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Nimeipokea barua yako ya tarehe tatu na ninakushukuru kwa kuniarifu.

Kuhusu shauri lililo mbele ya kamati, sitaweza kusema lolote kwa sasa. Nitajibu maswali nitakayoulizwa kwa ukweli na kwa kadiri ya ufahamu wangu.

Nakutakia kila la heri katika kipindi hiki.

Wako mwaminifu,
Ambrose Kimaro


Barking
19 Machi 2025

Ambrose,

Umeniita Daktari.

Nimekaa na barua yako jikoni nikaisoma mpaka chai ikapoa. Tangu siku tuliyojuana, kwenye ngazi za kanisa hapa Barking, hujawahi kunisalimia bila kunitukana. Nilipopata shahada ya udaktari ulinipigia simu ukasema sasa Wapare watapeleka kesi mpaka mbinguni. Nilipougua ulinitumia maua yenye kikaratasi: "Usife kabla hujatoa sadaka." Nikacheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia. Leo niko kwenye shida halisi, na wewe unanitakia kila la heri.

Mama alinifundisha nikiwa mdogo, kwetu Same. Mtani akikutukana, lala usingizi. Akianza kukuheshimu, funga mlango.

Kwa hiyo nauliza waziwazi. Wamekuletea karatasi usaini? Nimesikia ofisini kwamba wakili ameandika maelezo ya kusema ulikuwa na wasiwasi na namba zangu tangu mwanzo, na kwamba yale maneno uliyamaanisha. Nimesikia pia kuna nafasi ya ukuu wa ofisi ya Brussels. Sikuulizi kuhusu cheo. Nakuuliza kuhusu karatasi.

Vijay ameniambia nikae nyumbani kwanza. Hakunitazama akisema. Kamati imempata mkalimani, Mkongo wa Goma anayeishi Peckham, anaitwa Fortunat. Tulikutana naye kwenye kikao cha maandalizi. Nikamwambia: kaka, hilo neno mwizi hapo si mwizi. Akanionea huruma kweli. Akasema, "Dada, mie naona iko mchezo. Lakini neno iko mwizi. Nitawaambia iko nini, mwalimu?" 

Naenda kumwona Shangazi yako Restituta hospitali kesho. Yeye bado ananitukana, ingawa sauti imekwisha.

Namsifu


Brussels
2 Aprili 2025

Mpendwa Daktari Mgonja,

Kwa masikitiko makubwa ninakujulisha kwamba Shangazi yangu, Restituta Kimaro, amefariki dunia tarehe 31 Machi, hospitalini huko Landani. Najua alikupokea nyumbani kwake ulipofika nchini na kwamba uliishi naye kama binti.

Misa ya kumwombea itakuwa Ijumaa tarehe 11 Aprili, kanisani kwake Barking, kisha maziko.

Wakili anashauri kwamba ingefaa wewe usihudhurie, kwa kuwa mimi nitakuwepo, na kamati inaweza kudhani tumekutana kupanga maelezo.

Pokea rambirambi zangu.

Wako mwaminifu,
Ambrose Kimaro


Harrow
13 Aprili 2025

Dada Namsifu,

Mimi naandika Kiswahili ya jikoni, wewe samehe. Mimi toka Kisumu mtoto ya miaka kumi na mbili, baba akafunga duka, tukaja hapa. Kiswahili yangu ikabaki ya mtoto. Lakini hii barua hapana weza andika Kiingereza. Kiingereza iko ya wakili.

Mimi nilikuja kanisani Ijumaa. Wewe hapana jua, Sista Restituta, yeye muuguzi, alimwangalia baba yangu nyumbani mwaka mzima, mpaka baba akakufa. Kila siku yeye nauliza baba, "Mzee, leo iko hai?" Baba nacheka. Mimi nalikasirika, naona mama huyu hana adabu. Baba nasema, wacha, wacha, yeye peke yake naongea na mimi kama mtu.

Ijumaa mimi nasimama nyuma. Naona wewe navaa koti ya marehemu, ile ya kijani, na kofia yake. Natembea kama yeye, mguu moja natupa nje. Watu nashangaa. Halafu wewe nasema kwa sauti kubwa, huyu Mchaga mwizi, hata kufa amekufa tarehe thelathini na moja, asilipe kodi ya Aprili! Mimi nasema moyoni, sasa itakuwa vita. Hii mama nakuja kuharibu mazishi kwa sababu ya kesi.

Lakini watu nacheka. Nacheka na machozi natoka. Ile msichana yake, Lydia, anakukamata shingo na analia kama mtoto. Halafu wewe nalala barabarani mbele ya gari ya maiti, nasema haitoki mpaka upewe ndizi na nyama. Ile mzungu ya kofia nyeusi, dereva, nashika simu, nataka ita polisi! Ambrose nakwenda kumshika mkono, namwambia pole pole, hii iko sawa, hii lazima. Halafu wanakupa sahani. Wewe naamka, nafuta vumbi, gari natoka.

Mimi nalifika nyumbani, bibi yangu nauliza, mazishi ilikuwa namna gani? Nasema, watu nacheka sana.

Sasa mimi nauliza wewe, na hapana kasirika. Hii maneno ya pale, na ile maneno ya meseji, iko kitu moja?

Vijay


Barking
15 Aprili 2025

Bwana Vijay,

Asante kwa kuuliza. Kati ya watu wote wa ofisini, hakuna mwingine aliyeuliza. Na Kiswahili chako kimenifanya nicheke vizuri, kwa upendo.

Ndiyo. Ni kitu kimoja.

Wapare na Wachaga ni watani. Tumepakana kule Kilimanjaro tangu zamani, na wazee husema babu zetu waliibiana ng'ombe mpaka wakachoka kuuana, wakaamua bora watukanane. Kwa hiyo mimi nina ruhusa ya kumwita Mchaga yeyote mwizi, mpenda pesa, chochote, na yeye ana ruhusa ya kuniambia mimi ni bahili, napenda kesi, na nimekulia kwenye sufuria ya makande. Hakuna anayekasirika. Ukikasirika umevunja, na unalipa faini. Na siku mmoja akifiwa, sisi watani ndio tunaokuja kufanya kazi ambayo ndugu hawawezi. Tunawavunja mbavu waliofiwa ili wapate kulia. Mtoto wa marehemu akibaki amekauka, mtani ameshindwa kazi.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na hapa ndipo mashine iliposhindwa. Siwezi kumwita mwizi mtu ninayeamini ni mwizi. Huo utakuwa ugomvi, na ugomvi hauna mchezo. Namwita Ambrose mwizi kwa sababu ningemwachia funguo za nyumba yangu. Naye aliniambia nimepika namba kwa sababu alishazipima mwenyewe mara mbili akaziona safi. Angekuwa na shaka angeniandikia kwa heshima. Angeniita Daktari.

Amekuwa akiniita Daktari tangu mwezi uliopita, Bwana Vijay. Nakuambia hili kwa sababu sijui nimwambie nani, na kwa sababu pengine wewe unajua kwa nini.

Namba zangu ni za kweli. Weka visanduku vya mtu mwingine kando ya vyangu uone. Mengine yote nakuachia wewe.

Namsifu Mgonja


Brussels
1 Mei 2025

Wewe Mpare mgomvi, mla makande yaliyolala,

Kamati imenihoji juzi kwa skrini, kwa hiyo leo siogopi mtu. Haya, vumilia.

Wakili alijua kuhusu barua zetu tangu ya kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa ujinga wangu, nikidhani naomba ruhusa. Akasema sawa, lakini kila utakachomwandikia niletee nakala, kitakwenda kwenye jalada. Nikawaza: nikimtukana humo nitakuwa nimemfunga kabisa, mashine itatafsiri tena. Basi nikaandika kama padri. Kila sentensi niliyoandika ilinitoa jasho. "Pokea rambirambi zangu"! Niliiandika nikalia, maana aliyefiwa ni mimi, na nilitaka uje unitukane.

Karatasi ipo, na ukuu wa ofisi upo. Walinipa kalamu. Nikawaambia nasoma kwanza, na bado ninasoma hadi leo. Siwezi kusaini kwamba nilitilia shaka namba ambazo nilizipima mwenyewe, kwa mikono yangu, nikimlaani Mpare aliyekataa kununua ngazi ndefu.

Juzi mwenyekiti aliniuliza: "Je, ulimwambia amezipika?" Nikajibu ndiyo. Akauliza: "Je, alizipika?" Nikafungua mdomo nijibu na skrini ikaganda. Ilipokwisha kuganda, walikuwa wameshakifunga kikao. Naambiwa niliganda mdomo wazi, mbele ya madiwani wote. Wakili hasemi kilichofuata, na simu bado marufuku mpaka ripoti itoke. Siwezi kufanya kazi. Nikisikia barua ikidondoka mlangoni najikwaa.

Mwandikie mtu, mchoyo wewe. Hata wino unaubania?

Mtani wako, mwizi,
Ambrose


Barking
9 Mei 2025

Mwizi wangu wa thamani,

Imekwisha! Imekwisha, imekwisha. Nilisubiri ripoti ichapishwe kwanza ndiyo niandike, ili nisikuletee furaha nusu. Naandika mbio, samahani kwa mwandiko.

Kweli uliganda mdomo wazi. Ulionekana kama unaimba kwaya. Ukabaki hivyo ukutani, mkubwa kama mlango, muda wote diwani akizungumza, kwa sababu hakuna aliyejua kukuzima.

Nieleze kwa mpangilio. Kwanza zilisomwa namba. Chuo kikuu kilikuwa kimefunga vipimo vyake kando ya visanduku vyetu, na Vijay ndiye aliyewaomba. Zililingana. Nikadhani tumepona. Diwani akasema mashine mbili zaweza kukosea pamoja, lakini wapishi wawili wameshakiri kwa midomo yao. Akamtaka Fortunat asome tena. Masikini Fortunat akasoma, akaongeza, "Maneno iko hii. Moyo wa maneno, mimi hawakunilipa kwa hiyo." Mwenyekiti, yule mama wa miwani minene, akaandika kitu.

Ndipo Vijay akasimama. Nilifumba macho, Ambrose. Niliamini anasimama kunikana, maana ndivyo kampuni zinavyofanya. Akasema ana jambo la kueleza, na si la kisayansi. Akawaeleza kanuni ya utani, kwamba humwiti mwizi mtu unayeamini ni mwizi, kisha mazishi ya Shangazi. Koti la kijani. Mimi barabarani. Dereva na simu yake. Akasema: "Nimehudhuria mazishi mengi katika jiji hili ambako kila mtu alisema maneno mazuri na hakuna aliyeyamaanisha. Pale nilimsikia mtu akimwita marehemu mwizi, na binti wa marehemu akamshika kama mama. Mimi nilikuwa nimeandaa barua ya kumfukuza mwanamke huyu. Nimeichana." Kisha akakaa, akaanza kutafuta leso.

Diwani hakukata tamaa. Akanigeukia: "Kwa hiyo, Daktari, unaweza kumwita mtu yeyote mwizi, na sisi tuchukulie ni mapenzi?" Nikasema hapana, mheshimiwa, si mtu yeyote. Wewe, kwa mfano, siwezi kabisa kukuita mwizi. Akanishukuru. Chumba kikaangua kicheko, naye akachukua muda kidogo kuelewa kwa nini. Mwenyekiti alijificha nyuma ya karatasi.

Ripoti inasema namba ni sahihi na meseji zetu ni "mazungumzo ya kimila". Brussels wamefungua fedha. Visanduku vinabaki kwenye nguzo, na barabara ya ile shule ya msingi inafungwa asubuhi malori yasipite. Vijay amesaini kibali changu upya mbele yangu. Kisha akaniuliza, kwa aibu kidogo, Wahindi wa Kisumu watani wao ni nani. Nikamwambia aombe, atapewa kabila, ila ajiandae kutukanwa na kulisha watu.

Nilipotoka pale nilipanda basi nikapitiliza kituo changu, nikapitiliza na kinachofuata. Nilikuwa natazama tu watu wakishuka na kupanda. Sijawahi kuupenda mji huu kama siku ile.

Na lile neno lako kuhusu ngazi, nimelisoma. Ngazi ndefu ni ghali, Ambrose.

Mtani wako,
Namsifu


Brussels
16 Mei 2025

Mpare,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama hapohapo mlangoni, kisha nikampigia Lydia nikamsomea yote. Alicheka, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha Barking kwamba tangu hospitali hakuwa ameweza kulia hata tone, na alikuwa anaogopa kwamba pengine hakumpenda mama yake. Mpaka alipokuona na lile koti.

Ukuu wa ofisi wamempa mtu mwingine. Nimefurahi kuliko nilivyotazamia. Wiki hii nimelala kama mtoto mchanga.

Lakini jambo moja limekuwa likinirudia, nami nakuuliza bila utani, mara hii tu. Siku ya mazishi, hukuwa umepata barua yoyote kutoka kwangu isipokuwa zile mbili za kipadri. Wakili alikuwa amekukataza usije. Hatukusemezana. Siku ile ulipokuja, uliamini nini juu yangu?

Ambrose


Barking
22 Mei 2025

Ambrose,

Niliamini umesaini.

Sikuwa na shaka yoyote. Nilikuona kwenye ngazi za kanisa na suti yako nyeusi, ukaangalia chini, nikasema moyoni, ndiyo, amesaini, na ndiyo maana hawezi kuniangalia. Nilitaka kugeuka nirudi kituoni.

Kisha nikaingia ndani, niage tu, nikae nyuma. Lydia alikuwa amesimama peke yake kando ya jeneza, macho makavu, amelishika lile koti mkononi kana kwamba kuna mtu atakuja kulichukua. Nikatazama kanisa zima. Wachaga tupu. Hapakuwa na Mpare mwingine hata mmoja, Barking nzima.

Nikamwambia Lydia, nipe hilo koti.

Namsifu